Gari Lisipokuja Tena

Ndugu msomaji, labda unasoma maneno haya ukiwa umekaa juu ya benchi, unangoja kuitwa jina lako. Basi, kabla hujaitwa, nataka kukuuliza neno moja. Leo ulifikaje hapa?

Kama unakaa hapa Kampemba, labda ulikuja kwa miguu, au ulipanda basi ndogo, ukalipa nauli, ukashuka. Lakini tazama watu waliokaa karibu nawe. Mmoja ametoka upande wa Kasenga, mwingine upande wa Mitwaba, mwingine ametoka mbali zaidi, upande wa Bukama. Uwaulize habari za safari yao. Utasikia habari za siku mbili au tatu juu ya magunia ya makala. Utasikia habari za kamyo iliyozama katika matope, na watu wakalala porini pamoja na mgonjwa wao. Mzee mmoja aliniambia, “Mama, zamani tulikuwa na siku ya gari. Sasa hatuna siku.”

Maneno ya mzee huyo yalinikaa moyoni. Katika somo hili tutazungumza juu ya siku ya gari, na jinsi ya kulinda uzima wetu ikiwa siku hiyo imeondolewa.

Mama aliyengoja siku tatu

Wakati mmoja wa mvua aliletwa mama mwenye mimba ya kwanza. Uchungu ulikuwa umemshika siku tatu nyuma. Mume wake na ndugu zake walimpeleka kando ya barabara wakangoja gari. Siku ya kwanza halikupita. Siku ya pili ilipita kamyo moja, nayo ilijaa. Siku ya tatu walimfunga juu ya baiskeli, au kinga kama tunavyosema hapa Katanga, wakamsukuma mpaka mahali palipo na magari. Alipofika, mtoto alikuwa amekwisha kufa tumboni. Mama mwenyewe aliokoka, lakini mkojo ulianza kuvuja bila kuzuilika, kwa sababu kichwa cha mtoto kilikaa mahali pamoja muda mrefu kikaumiza mwili wa ndani.

Mume wake aliniambia, “Mama, sisi hatukuchelewa kuondoka. Gari ndilo lililochelewa.”

Sikuweza kumjibu. Miezi miwili mbele ya hapo, mama huyu alikuja mjini kumwamkia dada yake, nami nilimpima mimba kwa mikono yangu. Nilimwuliza habari za damu, za homa, za chakula. Sikumwuliza, “Siku ya kuzaa itakapofika, utakuja kwa njia gani?” Tangu siku ile ninauliza. Ndiyo maana nimekuuliza na wewe.

Njia ya chuma na vijiji vyake

Vijana, sikilizeni, kwa maana wengi wenu hamkuona mambo haya. Njia ya chuma ilifika mji huu mwezi wa kenda mwaka 1910, ikitoka kusini kwa njia ya Sakania. Wakati ule mji uliitwa Élisabethville; tangu mwaka 1966 unaitwa Lubumbashi. Njia ikaendelea kaskazini, ikafika Bukama mwaka 1918, penye mto Lualaba. Hapo abiria walishuka katika gari la moshi wakapanda mashua. Mwaka 1928 ikafika Port-Francqui, ambayo sasa ni Ilebo, katika Kasai. Mwaka 1956 wakaunganisha Kamina na Kabalo, na hivyo mtu aliweza kutoka hapa akafika Kalemie, penye ziwa Tanganyika, au Kindu, pasipo kukanyaga matope. Mwaka 1974 mashirika ya reli yaliwekwa pamoja kuwa shirika moja, SNCZ, ambalo leo linaitwa SNCC. Njia zake zote pamoja ni zaidi ya kilometa 3600.

Njia hiyo haikujengwa kwa ajili ya mgonjwa. Ilijengwa kwa ajili ya shaba. Lakini pale gari lilipopita kwa siku iliyojulikana, vijiji vilisogea karibu nalo. Wanawake walileta mihogo, kuku na samaki wakavu. Mwalimu alipata mshahara wake na vitabu vyake. Muuguzi wa kijiji alipata sanduku lake la dawa. Na mama mwenye mimba aliweza kuhesabu vidole vyake akasema, “Nitaondoka kwa gari la juma lijalo.”

Kwa nini gari huondoka

Watu wengine husema, “Wametuchukia, ndiyo sababu wameondoa gari.” Siyo hivyo mara zote. Tutazame sababu, kwa kuwa mtu asiyejua sababu ya ugonjwa hawezi kuutibu.

Zamani shaba ndiyo iliyolipa. Mizigo ya shaba ilileta fedha nyingi, na fedha hizo zilisaidia kuendesha gari la abiria, ambalo nauli yake ilikuwa ndogo. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa shaba karibu tani 470,000. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Ukaja wakati wa machafuko, na mwaka 1994 shaba yote ilikuwa chini ya tani 50,000. Mizigo ilipopotea, fedha za reli zilipotea pamoja nayo. Vyuma havikubadilishwa, injini zilikufa moja moja, wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Kisha zikaja vita za mwaka 1996 mpaka 2003, na njia ikakatika mahali pengi. Mwaka 2004 gari lilifika tena Kindu, na watu wakafurahi. Lakini siku ya gari haikurudi kama zamani. Kwa miaka mingi abiria hakujua kama atangoja juma moja au mwezi mzima.

Sasa shaba imerudi. Kongo inatoa zaidi ya tani 2,000,000 kila mwaka. Lakini angalia: sehemu kubwa inakwenda kwa malori katika barabara ya lami, inapita Kasumbalesa kuingia Zambia. Mahali palipo lami na mizigo, mabasi ni mengi. Mahali pasipo lami wala mizigo, mwenye basi anahesabu mafuta, anahesabu magurudumu yaliyopasuka, anahesabu abiria, kisha anageuza basi lake. Shaba ilipopungua, maskini alipoteza kiti chake. Shaba iliporudi, kiti chake hakikurudi.

Tusifikiri kwamba jambo hili ni la Kongo tu. Katika Kenya serikali ilianzisha mabasi ya Nyayo mwaka 1986, na kabla miaka ya 1990 haijaisha yalikuwa yamekwisha. Hata nchi tajiri zimeliona. Katika Kanada kuna jimbo linaloitwa Saskatchewan, nchi ya mashamba mapana ya ngano. Serikali ya jimbo hilo ilikuwa na kampuni ya mabasi tangu mwaka 1946. Mabasi hayo yalifika miji na vijiji 253. Yalipeleka wazee na wagonjwa kwa madaktari wa mji mkubwa, tena yalichukua vifurushi vya dawa na damu kwa ajili ya hospitali. Serikali ilisema abiria wamepungua na hasara ni kubwa, na mwisho wa mwezi wa tano mwaka 2017 kampuni ikafungwa. Tarehe 31 ya mwezi wa kumi mwaka 2018, kampuni nyingine, Greyhound, ikaacha karibu njia zake zote za magharibi ya Kanada. Katika British Columbia kuna barabara ambayo wenyeji wameiita Barabara ya Machozi, kwa sababu ya wanawake waliopotea au kuuawa huko, na wengine wao walikuwa wakiomba nafasi katika magari ya watu wasiowajua. Mwaka ule ule wa 2018 serikali ya jimbo hilo ilianzisha mabasi yake katika njia za kaskazini, ili watu wasiachwe barabarani.

Basi, fundisho ni hili. Kwa mwenye gari, abiria wa kijijini ni nauli ndogo. Kwa mgonjwa, gari hilo ni daraja la kwenda kwenye uzima. Kitabu cha hesabu hakionyeshi mtu aliyekufa akingoja.

Kuchelewa kwa namna tatu

Wataalamu wa kina mama wanatufundisha kwamba kuna kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza, kuchelewa kukata shauri nyumbani. Pili, kuchelewa njiani. Tatu, kuchelewa kupata matunzo mtu akiisha kufika. Gari linapoondolewa, sisi huona ile ya pili tu. Lakini gari likiwa halina siku, hata shauri la nyumbani linakuwa zito. Watu husema, “Tuondokeje? Twende wapi? Tungoje kesho.” Na wakifika wamechoka, hawana fedha, dawa ya kwanza wanayohitaji haipo mikononi mwao.

Mama anayetoka damu nyingi baada ya kuzaa anaweza kufa katika muda wa saa mbili. Saa mbili hazitoshi kutafuta gari. Kwa sababu hiyo safari yake ipaswa kutengenezwa mbele, sio siku ile.

Yafaa tufanye nini?

Hatuwezi kuita gari kwa maneno matupu. Lakini yako mambo yaliyo katika uwezo wetu. Yasome mara mbili, kisha umsomee jirani asiyejua kusoma.

1. Wewe mama mwenye mimba, usingoje uchungu. Mwezi wa mwisho sogea karibu na mahali pa kuzalia, kwa ndugu au katika nyumba ya kungojea kama ipo. Jambo hili ni la lazima zaidi kama una mimba ya kwanza, kama una mapacha, kama ulipasuliwa, au kama mara ya kwanza ulitokwa na damu nyingi au mtoto alikufa. Ondoka mara moja ukiona damu, ukiumwa sana kichwa na macho kuona giza, ukivimba uso na mikono, ukishikwa na kifafa au homa kali, maji yakipasuka mbele ya wakati, au mtoto akiacha kucheza. Tena uchungu ukianza jua likichomoza, na jua likashuka bila mtoto kuzaliwa, ondoka.

2. Wewe baba, usiseme hayo ni mambo ya wanawake. Weka fedha ya safari mbali na fedha ya bukari. Patana mapema na mwenye pikipiki au kinga, mpatane na bei, kwa maana usiku wa hatari si wakati wa kubishana bei. Waambie ndugu wawili wawe tayari kwenda kutoa damu. Na ukiwa utasafiri, mwachie mke wako ruhusa ya kuondoka bila kukungoja. Wanawake wengi wamekufa wakingoja neno la mume aliye mbali.

3. Mtoto akiharisha, anza kumtibu nyumbani na uendelee njiani. Chukua maji safi yaliyochemshwa, litri moja. Tia sukari vijiko vidogo sita vilivyosawazishwa, na chumvi nusu kijiko kidogo. Koroga. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko, kila mara anapoharisha. Akitapika, ngoja kidogo, kisha umpe tena. Usimwachishe ziwa. Katika nchi ya Bukama na maziwa ya Upemba kipindupindu hurudi mara kwa mara, na mtu hukauka kwa saa chache. Maji haya ndiyo yatakayomfikisha kwenye kituo akiwa hai.

4. Mtoto akishikwa na homa, mpeleke siku ile ile kwenye kituo cha afya kilicho karibu, hata kama ni kidogo. Kipimo cha malaria ni cha damu tone moja tu. Usikipite kituo hicho ukingoja gari la kwenda mjini. Akishikwa na kifafa, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani.

5. Wewe unayemeza dawa za kifua kikuu, jua kwamba dawa hizo ni za miezi sita bila kukatiza. Ukikatiza, ugonjwa hurudi na nguvu mpya, na dawa ya kwanza huenda isiweze kuushinda tena. Usione haya kumwambia muuguzi, “Kwetu hakuna gari.” Mwombe barua ili upate dawa kwenye kituo kilicho karibu na kijiji chako. Ni vivyo hivyo kwa wenye kifafa, kisukari, shinikizo la damu, na virusi vya ukimwi. Hesabu dawa zako. Zikibaki za majuma mawili, anza safari. Usingoje chupa iwe tupu.

6. Usipande juu ya mabehewa ya mizigo wala juu ya shehena ya kamyo. Najua kwamba wengi hupanda kwa sababu hakuna njia nyingine, wala siwacheki. Lakini tarehe 22 mwezi wa nne mwaka 2014, gari la mizigo lilianguka Katongola, karibu na Kamina, wakafa watu zaidi ya 40. Tarehe 10 mwezi wa tatu mwaka 2022, gari lingine la mizigo lilianguka Buyofwe, katika Lualaba, wakafa zaidi ya 60. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida waliotafuta njia ya kufika. Kama huna budi kusafiri kwa kamyo, usikae juu ya shehena, usikae pembeni, na usimpakate mtoto mahali ambapo huna pa kujishikilia.

Kipoyi cha kijiji

Mnakumbuka habari iliyo katika Injili ya Marko, ya yule mtu mwenye kupooza. Hakuwa na gari. Alikuwa na watu wanne. Walimchukua juu ya kitanda chake, na walipoona mlango umezibwa na watu, walipanda juu ya nyumba wakafungua dari. Watu wanne walitosha.

Katika milima ya kusini-magharibi ya Uganda, penye mabonde yasiyopitika kwa motokari, watu wa vijiji wana vikundi vya machela ambayo wao huiita engozi. Kila nyumba hutoa kitu kidogo. Mtu akiugua sana, wanaume hukusanyika, humchukua kwa zamu mpaka barabarani au mpaka hospitali. Asiyefika zamu yake hutozwa. Maskini na tajiri huchukuliwa sawasawa. Hawakungoja kampuni iwaanzishie.

Nasi tuna kipoyi chetu. Babu zetu walikijua, ijapokuwa wakati wa ukoloni walikichukua mabegani kwa ajili ya wakubwa. Sasa tukichukue kwa ajili ya wagonjwa wetu. Miti miwili migumu, kitambaa imara, kamba, na majina ya watu wanane watakaopokezana: hiyo ni kazi ya siku moja. Tena anzisheni likelemba ya safari. Katika likelemba ya kawaida kila mtu hupokea kwa zamu yake. Katika hii anapokea yule aliyeugua. Kijiji chenye nyumba arobaini, kila nyumba ikitoa kidogo kila juma, hakitakosa nauli ya pikipiki usiku wa hatari. Mwekeni mtu mmoja mwaminifu atunze fedha, na mwingine atunze daftari, wasiwe watu wa nyumba moja.

Tena itengenezeni barabara yenu. Siku moja ya salongo mbele ya mvua, kufukua mitaro na kuweka miti imara juu ya kijito, yaweza kumrudisha mwenye kamyo aliyekuwa amegeuka. Mwenye gari hurudi pale anapoona hesabu yake si hasara tupu. Na viongozi wa kijiji waandike barua kwa wakubwa wa wilaya na wa jimbo, waseme kwa hesabu, si kwa hasira tu: watu wangapi, magunia mangapi ya mahindi, kina mama wangapi huzaa kila mwaka, wangapi walikufa njiani. Mambo yaliyohesabiwa ni magumu kupuuzwa.

Najua kwamba kipoyi si gari. Nisingependa mtu asome hapa akasema, “Basi, gari halina kazi, wanakijiji watabeba.” Mgongo wa mtu huchoka. Njia ya kilometa mia haipitiki kwa mabega. Hatuachi kudai gari. Lakini mgonjwa wa leo hawezi kungoja jibu la barua.

Yule mama niliyewaambia habari zake alipasuliwa baadaye, akapona kuvuja. Kisha akapata mimba ya pili. Safari hii hakungoja kando ya barabara. Alikuja mwezi mmoja mbele, mkeka wake kichwani, sufuria yake mkononi, mume wake nyuma na gunia la unga. Nilimwuliza, “Mmefikaje?” Mume akacheka, akasema, “Mama, tulianza kutembea mapema.” Mtoto ni msichana. Alilia kwa nguvu.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika mkutano

1. Katika kijiji chetu, mtu akiugua usiku wa leo, tutamchukua kwa njia gani? Nani ana pikipiki, nani ana kinga, na namba zao za simu ziko wapi?

2. Ni kina mama wangapi kwetu watazaa katika miezi mitatu ijayo? Kila mmoja amekwisha kupanga safari yake?

3. Ni watu wangapi kati yetu wanameza dawa za kila siku? Nani atawakumbusha kuondoka dawa zikibaki za majuma mawili?

4. Majina ya watu wanane wa kipoyi ni yapi? Yaandikeni hapa chini kabla hamjaondoka.